Je, Ninaweza Kupasuliwa Kupunguza Uzito Bila Familia Yangu Kujua?

SWALI

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina umri wa miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili, mdogo akiwa na miaka minne. Uzito wangu ni kilo 124 na urefu wangu ni sentimita 162. Nina presha ya kupanda, na magoti yananiuma kiasi kwamba kusimama darasani vipindi viwili mfululizo ni adhabu. Daktari bingwa jijini Dar es Salaam amenipima na kunieleza kwamba ninafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo, na fedha nimekuwa nikiziweka kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara na kikoba.

Upasuaji wenyewe siuogopi sana. Ninaogopa watu. Nilipojaribu kujinyima chakula miaka iliyopita, sahani yangu ilikuwa mjadala wa nyumba nzima. Wifi zangu walikuwa wakiandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kila waliponikuta na andazi, na uzito uliponirudia walinicheka hadharani. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, ananipenda, lakini kwake yeye mtu asiyemaliza chakula ama ni mgonjwa ama amekasirika. Mume wangu ni dereva wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo, kwa hiyo mara nyingi hayupo. Ni mtu mwema, ila hajui kumficha mama yake jambo. Dada yangu ninayefuatana naye ni mnene kama mimi, ana kisukari cha aina ya pili na anajichoma insulini. Nikimwambia, atalia na kunikataza, kwa sababu jirani yake alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji mwingine.

Nimepanga niwaambie wote kwamba ninakwenda semina ya walimu kwa wiki mbili, nipasuliwe, nirudi nikiwa nimepona. Je, nina haki ya kunyamaza? Na watu wakiniuliza nimefanya nini, hasa kwenye harusi ya mdogo wangu mwishoni mwa mwaka, niwajibu nini?

Mama wa Wawili, Tanga

JIBU

Marahaba, Mama wa Wawili. Haki unayo, na ninaliweka hilo mbele ili usisome yanayofuata ukidhani ninakunyang'anya. Wewe ni mtu mzima mwenye akili timamu, na ridhaa ya kupasuliwa ni yako. Daktari na wauguzi wake wamefungwa na maadili ya kazi yao wasimweleze mtu yeyote habari zako bila ruhusa yako, awe mume, mama au mwajiri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Wifi zako hawana dai lolote juu ya tumbo lako. Kwa jinsi walivyokutendea, ningeshangaa kama ungetaka kuwaambia.

Tena ninaomba aibu uliyobebeshwa uitue. Kwa vipimo ulivyoandika, uwiano wa uzito na urefu wako, ule ambao hospitalini huitwa BMI, umezidi 47, na miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2022 inapendekeza upasuaji huu kuanzia 35 hata kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine. Katika uzito wa kiwango hicho, mtu anapojinyima chakula mwili huuona upungufu kuwa hatari, nao huongeza homoni za njaa na kupunguza matumizi ya nguvu, ndiyo maana kilo zilizopotea kwa taabu hurudi. Uliposhindwa mara ile hukuwa mvivu wala mlafi. Upasuaji uliopendekezewa huondoa takribani robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo, pamoja na sehemu inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Anayesema kwamba hiyo ni njia ya mkato hajui kazi inayomngoja mtu baada ya kutoka chumba cha upasuaji.

Kazi hiyo ndiyo inayonifanya nisikubaliane na mpango wako wa semina. Upasuaji hufanywa kwa matundu madogo, na wengi huruhusiwa kutoka hospitalini baada ya siku chache, lakini kuruhusiwa si kupona. Mshono wa ndani unaweza kuvuja siku kadhaa baadaye, pengine hata baada ya wiki kadhaa, na damu inaweza kuganda mguuni kisha bonge likasafiri hadi kwenye mapafu. Hayo hayawapati wengi, ila yanapompata mtu, saa chache zina uzito mkubwa. Dalili zake ni homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au ya bega, kupumua kwa shida, na mguu mmoja kuvimba na kuuma. Sasa jione uko Tanga, usiku wa manane, huwezi kusema kwa maumivu, na mama mkwe anakupeleka Hospitali ya Bombo akiwaeleza madaktari kwamba umetoka semina na huenda umekula kitu kibaya. Daktari asiyejua kwamba tumbo lako limekatwa anaweza kukupitishia mpira puani hadi tumboni bila tahadhari inayotakiwa, au kukuchoma diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo wewe umekatazwa. Lazima awepo mtu mmoja, karibu nawe, anayejua ulichofanyiwa, tarehe uliyofanyiwa na namba ya simu ya daktari wako. Mwombe daktari akuandikie barua fupi yenye maelezo hayo kabla hujaondoka Dar es Salaam, nakala moja uiweke kwenye pochi na nyingine umpe mtu huyo.

Halafu wiki mbili hazitoshi kwa lolote. Utakaporudi nyumbani utakuwa bado kwenye vinywaji na supu iliyochujwa, au ndiyo kwanza unaanza vyakula vilivyopondwa laini, na chakula cha kawaida huwa hakirudi hadi mwezi wa pili hivi, tena kwa vijiko vichache, vilivyotafunwa sana, bila kushushia na maji wakati wa kula. Mama mkwe atakuwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka kama kawaida yake. Ukikataa atadhani umemkasirikia, na ukila kwa kumridhisha utatapika mbele yake. Mtoto wa miaka minne atataka kubebwa, ndoo ya maji itakuwa inakungoja uani, nawe utakuwa umekatazwa kuinua vitu vizito kwa wiki kadhaa. Ramadhani ikiwakuta, kama mnafunga, itabidi umwulize daktari kwanza, na huenda mwaka wa kwanza akakuzuia. Katika nyumba ya watu wanaokula pamoja, mambo hayo hayafichiki.

Kuna jingine ambalo sidhani umelifikiria. Utatakiwa kunywa vidonge vya vitamini na madini kila siku maisha yako yote, kwa sababu mwili utakuwa unapata chakula kidogo kuliko mahitaji yake ya vitamini B12, madini ya chuma, kalisi na vitamini D. Nywele nazo huenda zikapukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kabla ya kuota tena. Mama aliyekuwa mnene anakonda kwa kasi, nywele zinapungua, na kwenye kabati la chumbani kuna chupa za vidonge anavyomeza kila asubuhi kimyakimya. Unaijua mitaa yetu. Watasema una virusi vya UKIMWI, na maneno hayo yatamfikia mumeo njiani kabla hujafungua kinywa. Kuishi na VVU si fedheha, na anayetumia dawa zake vizuri anaishi miaka mingi, lakini hakuna sababu ya ndoa yako kuingia katika shaka ya ugonjwa usiokuwa nao.

Kwa hiyo ninakushauri uwachague wa kuwaambia kwa kazi watakayofanya, wala usiangalie cheo chao katika ukoo. Wa kwanza ni mume wako. Ungeniandikia kwamba ni mtu wa kupiga au wa kukutishia, ningekuambia umtafute mwingine na umfiche yeye kwa usalama wako, lakini umesema ni mwema, na kosa lake ni kutojua kunyamaza mbele ya mama yake. Yeye ndiye hospitali itakayempigia simu. Tena jambo hili linamgusa moja kwa moja, kwani madaktari hushauri mwanamke asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, ilhali uzito unaposhuka uwezo wa kushika mimba huongezeka. Mtahitaji kukubaliana njia ya uzazi wa mpango, ikiwezekana isiyo ya kumeza, kama kitanzi au kipandikizi. Nani atayapanga hayo peke yake?

Usimwambie kwa simu akiwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Msubiri arudi, alale, ale, kisha mkiwa wawili umwambie kabla ya kumwambia chochote kwamba kuna jambo la mwili wako ambalo unaomba libaki kwenu, na umtaje mama yake kwa jina ili asiseme baadaye kwamba hakujua kuwa naye yumo. Mweleze ulivyoteseka na lile kundi la WhatsApp. Huenda hajui hata nusu yake. Mwombe kitu mahususi, yaani akusindikize Dar es Salaam siku hizo, au walau asipokee safari ya mbali katika mwezi ule. Wengi hushindwa kutunza siri kwa sababu hawakuambiwa inatunzwa vipi, na mume aliyepewa jibu la kumpa mama yake atakapouliza atasimama imara kuliko yule aliyeambiwa tu akae kimya.

Jibu hilo la kumpa mama mkwe liwe la kweli hata kama si kamili. Mwambieni kwamba umefanyiwa operesheni ya tumbo, kwamba imekwenda vizuri, na kwamba daktari amekupangia chakula laini kwa muda mrefu. Asipewe zaidi ya hapo mpaka utakapotaka mwenyewe. Halafu mpe kazi: mwombe akuchemshie supu ya samaki na kuichuja, akupikie uji mwepesi usio na sukari. Mama ambaye mapenzi yake yote yapo jikoni ataumia akinyimwa nafasi ya kukulisha, na ukimpa nafasi hiyo kwa masharti ya daktari, yeye ndiye atakayewafukuza wengine wanaokusukumia mandazi.

Huenda watu wa nyumbani watakutajia kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kwa upande wa usalama wako nimeshakubaliana nao. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kunyamaza na kudanganya, na hapo ndipo dada yako anaponitia wasiwasi. Mtangazaji wa Marekani Star Jones, aliyekuwa maarufu katika kipindi cha The View, alipasuliwa mwaka 2003, na kwa miaka kadhaa alizungumzia kupunguza kiasi cha chakula na mazoezi bila kuutaja upasuaji waziwazi, hadi alipoandika ukweli wake mwaka 2007 na kukiri kwamba aliogopa watu watamwonaje. Simlaumu kwa kuogopa. Lakini mtu anayekonda mbele za watu huigwa, atake asitake. Dada yako ni mnene kama wewe na anatumia insulini. Ukimwambia umepungua kwa kunywa maji ya ndimu na kuacha kula usiku, ataacha kula usiku, atajichoma insulini yake kama kawaida, na sukari inaweza kushuka akiwa usingizini akapoteza fahamu. Uongo huo mdogo unaweza kumuua.

Si lazima umwambie kabla. Kama unajua atakulilia hadi ukate tamaa, subiri upasuaji upite na upate nguvu, kisha mwambie yeye kabla ya ndugu wengine wote, kwa sababu habari hii inaweza kumfaa kuliko mtu yeyote katika ukoo wenu. Kisukari cha aina ya pili mara nyingi hutulia sana baada ya upasuaji wa namna hii, na wapo wagonjwa ambao sukari yao hurudi katika kiwango cha kawaida bila dawa kwa miaka. Huenda daktari akaona hamfai, lakini ana haki ya kwenda kuuliza akiwa na habari sahihi. Kuhusu jirani yake aliyefariki, usibishane naye. Mweleze tu kwamba ule ulikuwa upasuaji mwingine, na umwachie muda.

Kwenye harusi utaulizwa, na pengine utaulizwa mbele ya ukumbi mzima. Jibu moja linatosha: "Nipo chini ya daktari, amenisaidia sana, namshukuru Mungu." Kila neno lake ni kweli, na halimpeleki mtu kununua majani sokoni. Atakayekazania kujua unatumia nini, mwambie hutumii dawa ya kienyeji wala chai ya kupunguza tumbo, na kwamba kama uzito unamsumbua aanze kwa kumwona daktari. Wifi akikuandama kwenye kundi la ukoo, usimjibu humo. Mumeo ndiye amwambie dada yake aache, na hilo liwe miongoni mwa mambo mtakayokubaliana usiku ule atakaporudi safari.