MR2 kuchemsha baada ya kubadilishiwa rejeta

Kama Toyota MR2 yako inachemsha baada ya kubadilishiwa rejeta, mara nyingi ni hewa imebaki ndani, usikimbilie kufungua silinda hedi (kichwa cha injini). MR2 ya 1991 injini iko nyuma ya viti lakini rejeta iko mbele kabisa, na maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari. Ukijaza kwa mfuniko wa nyuma peke yake bila kutoa hewa, kama unavyojaza Corolla, hewa inanasa huko mbele. Ndiyo maana geji inapanda ghafla halafu inashuka, na hita inatoa baridi.

Kuna vali mbili za kutolea hewa mbele, moja kwenye rejeta na nyingine upande wa hita. Injini ikiwa imepoa, weka hita kwenye moto, chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye kila vali, fungua vali, uuning'inize mpira juu kuliko mdomo wa kujazia, kisha mimina kulanti (maji ya kupozea injini) taratibu mpaka mapovu yaishe. Manyuali ya Toyota yenyewe inaelekeza hivyo, na mafundi wengi wanairuka kwa sababu inachosha.

Ikichemsha tena, angalia inachemkia wapi. Kwenye foleni tu: feni au swichi yake. Kwenye mwendo kasi: themostati, pampu ya maji, au bomba lililobonyea pale watu wanapoweka jeki.

Ila mapovu yasipokoma kabisa, au oili ikigeuka rangi ya maziwa, hiyo huenda ni gasketi ya hedi (kizibo kati ya injini na kichwa chake) imeharibika. Zima, usiiendeshe hata kilomita moja.