Swali: Vijiji vyote vimepata alama 25, tunakosea wapi?

"Habari injinia. Niko kwenye kamati ya majanga ya wadi huku Nyando, Kisumu. Tulipewa fomu, kila janga unalipatia alama 1 hadi 5 ya uwezekano na 1 hadi 5 ya madhara halafu unazidisha. Mafuriko yakapata 25 kila kijiji, ukame 9. Sasa tutajuaje tuanzie wapi?"

Mzuri dada. Hiyo fomu si mbaya ila mmeipima wadi nzima kama kitu kimoja, na maji hayapigi wadi, yanapiga nyumba. Nyanda za Kano, huko kwenu, ni tambarare so ukiuliza "mafuriko yanakuja?" kila mtu atasema ndio, 5. Vunja swali vipande vitatu: maji yenyewe (kina, kasi, yanakaa siku ngapi), nani na nini kiko kwa njia yake, na hao watu wanaweza kuhimili kiasi gani. Mkishafanya hivyo mtaona vijiji vinaanza kuachana.

Kina msikisie. Chukueni futi ya fundi mtembee na mzee wa kijiji, mpime alama ya tope ukutani, pale rangi inapobadilika, muandike ni sentimita ngapi na ni mwaka gani. Mimi siku moja niliingia boma moja nikakuta kitanda kimeinuliwa kwa matofali, matatu kila mguu, mama akaniambia la tatu aliongeza baada ya mvua za 2020. Hiyo ni data kabisa, tena nzuri kuliko nyingi ninazoletewa ofisini. Halafu muulizeni kila boma: usiku maji yakija, nani hawezi kutembea, na unapitia wapi kufika mahali pakavu? Kijiji cha kina cha magoti chenye njia moja tu ya kutoka kinaweza kuwa hatari kuliko cha kiunoni kilicho karibu na barabara ya lami.

Pia msiangalie mvua ya kwenu peke yake. Mto Nyando unateremka kutoka milima ya Nandi na upande wa Londiani, huko kwenu Ahero kunaweza kuwa na jua kali na maji yako njiani. Kwa hivyo tafuteni mtu wa huko juu wa kuwapigia simu, mjue mna masaa mangapi.

Kitu ambacho watu wanasahau sana, na kinaniuma kwa sababu mimi ni wa Nakuru, ni vitu vilivyojengwa na watu. Solai, huko kwetu Nakuru, tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka usiku, watu zaidi ya 40 wakafa. Mai Mahiu, pia Nakuru, tarehe 29 Aprili 2024 maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, njia ya maji chini yake ikiwa imezibwa na takataka na miti, tuta likaachia alfajiri watu wamelala. Ukiangalia mvua peke yake hayo yote huyaoni kwa fomu. So kila bwawa, kila tuta la mto, kila kalavati (njia ya maji chini ya barabara au reli) iwekwe kwa ramani na mtu aende aione kwa macho.

Uwezekano nao, mafuriko ya "mara moja kwa miaka 10" haimaanishi yakija mwaka huu mtapumzika miaka 9. Ni asilimia 10 kila mwaka, na ndani ya miaka 10 nafasi ya kuyapata angalau mara moja ni karibu asilimia 65. Waambieni watu hivyo.

Ukame upimeni peke yake, kwa miezi ya njaa na mifugo iliyouzwa, msiulinganishe na mafuriko kwa jedwali moja. Radi, angalieni shule na makanisa ya mabati, kama kuna kinga ya radi na waya wake bado umeshika ardhi.

Mvua ndefu huanza Machi, kwa hivyo kalavati zikaguliwe Februari zikiwa kavu, mtu aingie na tochi.