Jibu: Kukata majina kwenye karatasi ya kura, mji wa watu 700

Habari ndugu. Umeuliza kama bado unaweza kukata jina la mgombea usiyemtaka kwenye karatasi ya kura ya madiwani, kwa kuwa mji wenu huko Ufaransa una watu 700 tu. Tafadhali usikate! Sheria ya Mei 2025 iliondoa utaratibu huo kwenye miji ya chini ya watu 1,000. Tangu Machi 2026 unapigia orodha nzima, wanawake na wanaume wakipishana, na karatasi iliyochorwa inaharibika. Mimi nilikata majina miaka yote, kwa hiyo imeniuma. Angalia kwanza nani anaongoza orodha: meya huchaguliwa na madiwani kwa kura ya siri, na mara nyingi huwa ndiye huyo. Wagombea umeya wakifungana kura za madiwani duru ya tatu, mwenye umri mkubwa anachukua.