Nusu Pishi Iliyopotea: Kwa Wanaoanza Hesabu za Ruby

Jana jioni nilikaa na vijana watatu hapa Chake Chake wanaojifunza Ruby, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na wote, mmoja baada ya mwengine, walijumlisha 5 na 3 wakapata 53. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwani njia hiyo nami nimeipita.

1. gets, amri ya kusoma anachoandika mtumiaji, huleta maandishi, haileti namba, ndiyo maana 5 na 3 zikashikana kuwa 53. Wekeni to_i, inayoyageuza maandishi kuwa namba kamili, tuendelee.

2. Lakini to_i nayo ina meno. Msimu mmoja wa karafuu, ami yangu aliniomba programu ya kukokotoa malipo ya wachumaji, ambao hulipwa kwa pishi. Niliandika mistari minane, nikaijaribu kwa pishi 6 na pishi 10, ikajibu sawasawa, nikajiona bingwa. Sikujaribu 7.5. Kumbe "7.5".to_i hutoa 7 bila ya kulalamika, hivyo kwa siku tatu kila aliyeleta pishi kadhaa na nusu alikatwa nusu yake, nami nimekaa barazani nikisoma majibu kwa sauti ya mtu anayejiamini. Siku ya nne mama mmoja, anayehesabu kwa vidole, aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, hii nusu yangu inaliwa na kompyuta au mnaila nyinyi?" Usiku ule tulipita nyumba kwa nyumba na tochi tukirudisha fedha za watu, na ami hakunisemesha hata neno mpaka tuliporudi.

Nilipotulia nilibadili kipimo. Pishi moja ni vibaba 4, kwa hiyo pishi 7 na nusu ni vibaba 30, namba kamili isiyo na cha kukatwa. Hapo nikaanguka tena, maana niligawa kwanza: tuseme pishi ni shilingi 750, basi 750 / 4 * 30 hutoa 5610, ilhali 750 * 30 / 4 hutoa 5625. Ruby ikigawa namba kamili kwa namba kamili, mabaki huyatupa. Zidisheni kwanza, jamani. Nimelisema hili mpaka koo limekauka.

3. Fedha msizihesabu kwa to_f, inayogeuza maandishi kuwa namba za desimali. Andikeni 0.1 + 0.2 ndani ya irb, programu ya kujaribia mistari ya Ruby papo hapo, mjionee wenyewe kuwa jibu si 0.3 kamili.

4. "1,500".to_i ni 1, kwa kuwa usomaji hukomea kwenye koma. Mimi hutanguliza delete(","), inayofuta koma, kwa sababu ami hataacha kuandika koma.