Maswali ya Wasomaji: Programu huria za kuchora na kuhuisha katuni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji, Kigoma. Pamoja na wanafunzi wa klabu ya sanaa, tunakusudia kutengeneza katuni ya dakika moja itakayowahimiza wavuvi wa dagaa kuvaa jaketi la kuokolea maisha wanapoingia ziwani usiku. Tunayo laptopu moja iliyokwishatumika, yenye RAM ya GB 4 na isiyo na kadi ya michoro ya peke yake. Tableti ya kuchorea hatuna, na programu za kulipia kila mwezi hatuzimudu. Nimesikia habari za Krita, Blender, OpenToonz, Synfig, Pencil2D na GIMP, zote za bure, na kila ninayemuuliza ananisifia yake. Tuchague ipi? — Mwalimu, Ujiji.

JIBU: Mwalimu, hao wanaokutajia programu tofauti hawakupotoshi, ila kila mmoja anasifu ile inayofaa kazi yake mwenyewe. Kabla ya kuuliza ipi ni bora, inafaa kwanza kuangalia mnachora kwa kifaa gani na mashine yenu inabeba mzigo kiasi gani. Kwenu majibu yako wazi: kwa kuwa tableti hamna, mtachora kwa penseli na karatasi, na mashine ni ya GB 4. Kwa hali hiyo nawashauri bila kusita mtumie OpenToonz, au kwa usahihi zaidi tawi lake liitwalo Tahoma2D, yaani programu iliyojengwa juu ya msimbo wake.

OpenToonz ilitokana na Toonz, programu ya kampuni ya Digital Video ya Italia ambayo studio ya Ghibli ya Japani iliitumia kwa miaka mingi, hadi kampuni ya Dwango ilipoifungua kwa umma mwezi Machi 2016. Kwa kuwa ililelewa katika studio zilizokuwa bado zinachora juu ya karatasi, imejengwa kupokea karatasi iliyoskaniwa, kuisafisha, na kuitenga mistari yake na weupe wa ukurasa. Kabla ya kuchora, toboeni kila karatasi matundu mawili kwa panchi na kuipachika kwenye vijiti viwili vilivyogandishwa juu ya ubao, ili mchoro wa pili ukae palepale ulipokaa wa kwanza. Kisha zipelekeni steshenari zikaskaniwe. Picha za simu zinawezekana pia, lakini mwanga ukizidi upande mmoja, programu hukichukua kivuli kana kwamba ni mstari, na usafishaji wake hula muda mwingi.

Faida ya pili ni rangi. Katika programu hii kila rangi iliyomo katika mchoro inategemea kisanduku chake katika orodha ya rangi, na si wino uliokwisha kukauka. Mkiona kwamba rangi ya chungwa ya jaketi haionekani vizuri kwenye giza la ziwa, mnaibadilisha mara moja tu katika orodha hiyo, na jaketi linabadilika katika michoro yote iliyotangulia. Kwa klabu ambayo wanafunzi wanapokezana kompyuta moja, hilo linaokoa jioni nyingi.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo vikundi vingi hukata tamaa. Dakika moja ya katuni kwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 zinazofuatana, ni fremu 1,440. Hata mkikubali kila mchoro ukae fremu mbili, kama ilivyo desturi, bado ni michoro 720. Lakini si lazima kila kitu kichorwe upya. Chukueni onyesho la sekunde tano, yaani fremu 120: mtumbwi umetulia ziwani, taa inawaka, mvuvi ananyoosha mkono kulichukua jaketi. Jedwali la fremu ndani ya programu lina safu wima, na kila safu inabeba tabaka lake. Ziwa na anga ni mchoro mmoja. Mtumbwi ni mchoro mmoja, ambao mnaupa mwinamo mdogo mwanzoni, katikati na mwishoni, na programu inakokotoa miyumbo iliyo baina yake. Kiwiliwili cha mvuvi ni mchoro mmoja uliofungamanishwa na mtumbwi ili viyumbe pamoja. Mkono unahitaji michoro kama minane, na mng'ao wa taa juu ya maji michoro minne inayojirudia. Jumla ni michoro 15, na onyesho limekamilika. Andaeni kila onyesho katika faili lake, kwa ukubwa wa pikseli (nukta za picha) 1280 kwa 720, kisha myaunganishe mwishoni kwa Shotcut au Kdenlive, ambazo nazo ni huria. Sauti ya msimulizi irekodiwe kwa Audacity kabla hamjachora, ili urefu wa kila onyesho uifuate sauti.

Nimetaja Tahoma2D kwa sababu inayowahusu moja kwa moja. OpenToonz haitoi video ya MP4 hadi msakinishe kando FFmpeg, programu ya kugeuza picha kuwa video, na kuielekeza mahali ilipo, jambo linalowasumbua wengi wanaoanza. Tahoma2D huja nayo ndani, na sura yake imerahisishwa. Hata hivyo sitawaficha kwamba zote mbili ni ngumu kuzizoea. Tengeni majuma ya mwanzo kwa ajili ya kujifunza tu, kwa mpira unaodunda na mtu anayetembea, kabla ya kuigusa katuni yenyewe.

Kuhusu Krita, naipenda mno, na mtakapopata tableti hata ndogo, iwe ndiyo ya kwanza kuisakinisha. Miongoni mwa programu huria sijaona yenye brashi zinazouitikia mkono kama zake, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016 ina uhuishaji wa fremu kwa fremu, wenye kuonyesha mchoro uliotangulia na unaofuata kama kivuli chepesi nyuma ya ule unaouchora. Toleo la 5.2 la mwaka 2023 liliondoa pia usumbufu wa kutafuta FFmpeg kando. Lakini kuchora kwa mausi katika Krita ni kuinyima heshima yake. Tena ina kikomo ambacho mashine yenu itakigusa mapema: picha iliyojaa ya pikseli 1920 kwa 1080 hula takribani MB 8 za kumbukumbu, hivyo michoro 120 katika tabaka moja inakaribia GB 1, na RAM yenu nusu imekwisha kuliwa na Windows. Kwa 1280 kwa 720 mzigo huo hushuka hadi MB 440 hivi, na ndiyo maana nasisitiza ukubwa huo.

Pencil2D ni nyepesi kuliko zote, na mwanafunzi anaweza kuizoea kwa alasiri moja. Itumieni kwa majaribio ya mwendo. Synfig, ambayo imekuwa huria tangu mwaka 2005, ni hodari wa kukokotoa mwendo wa maumbo kati ya hatua mbili na ina mifupa ya kuongoza viungo, lakini kuchora kwa mkono huru ndani yake kunachosha. GIMP si programu ya katuni. Iacheni irekebishe mandhari mtakayoipaka kwa rangi za maji na kuiskani.

Blender ndiyo yenye sifa kubwa kuliko zote, na inastahili. Mwaka 2002 wapenzi wake walichanga euro 100,000 kwa majuma saba tu ili kuukomboa msimbo wake usife pamoja na kampuni iliyoumiliki, na filamu ndefu ya katuni kutoka Latvia iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2025 ilitengenezwa kwayo. Hata michoro bapa inaimudu kupitia kifaa chake cha Grease Pencil. Lakini matoleo kuanzia 4.0 yanadai kadi ya michoro inayokubali OpenGL 4.3, yaani kiwango cha mawasiliano kati ya programu na kadi hiyo, na kiwango cha chini cha RAM kinachotajwa na watengenezaji wenyewe ni GB 8. Kwenye laptopu yenu itawavunja moyo bure, nanyi mtadhani kosa ni lenu.

Mwisho, pakueni kila programu mara moja tu, kisha mnakilishiane kwa flashi. Leseni zake zinaruhusu jambo hilo waziwazi, na bando litabaki kwa ajili ya kutazama mafunzo.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninachapa tisheti kwa skrini hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nembo ninazotengeneza kwa GIMP zikikuzwa zinavunjika kingo. Je, nihamie Krita? — Mchapaji, Mwanga.

JIBU: Ndugu yangu, Krita haitakusaidia kwa hilo, kwa kuwa nayo kama GIMP huhifadhi picha kwa pikseli, na pikseli zikikuzwa lazima zionekane. Unachohitaji ni Inkscape, ambayo huhifadhi umbo kama mistari na mikunjo inayokokotolewa upya kila ukubwa unapobadilika, hivyo nembo ya mfuko wa shati na ile ya bango la dukani zinatoka katika faili moja la SVG. Nembo zako za zamani unaweza kuzigeuza kwa amri ya Trace Bitmap iliyomo katika menyu ya Path, ingawa nakushauri uzichore upya zile zenye maandishi, kwa sababu herufi zilizofuatishwa kwa mashine hubaki na pembe zilizolegea. Weka kila rangi katika tabaka lake, uipake nyeusi kabisa wakati wa kuchapa, nawe utapata filamu moja (karatasi angavu ya kuandalia skrini) kwa kila skrini.

SWALI: Ndugu Mhariri, nikiuza kazi niliyoichora kwa programu ya bure, je, wenye programu wanaweza kunidai? — Msomaji, Kasulu.

JIBU: Hawawezi. Leseni ya GPL, ambayo ndiyo ya Krita, GIMP, Inkscape na Blender, inahusu programu yenyewe, na picha au filamu unayoitengeneza kwayo ni mali yako, uiuze kwa bei uipendayo na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kama kazi nyingine yoyote. Wala usishangae kuikuta Krita ikiuzwa katika duka la Microsoft: ni njia ya kuwachangia watengenezaji, na programu hiyohiyo hupakuliwa bila malipo kutoka krita.org. Unachopaswa kukichunguza ni vitu unavyoviingiza kutoka nje, yaani fonti, muziki, milio na brashi zilizotengenezwa na watu wengine, kwa maana kila kimoja kina leseni yake, na baadhi zinakataza biashara. Soma leseni ya fonti kabla hujaiweka kwenye nembo ya mteja.