ERA ya Nolan Ryan mwaka 1987: kwa nini Excel inatoa 2.77?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Naishi Houston, na mwanangu yuko darasa la nane. Shuleni wamepewa kazi ya hesabu: kila mtoto achambue takwimu za mwanamichezo mmoja wa zamani. Wangu kamchagua Nolan Ryan, mrushaji wa besiboli. Tumekwama kwenye msimu wa 1987. Rekodi zinasema alirusha iningi 211.2, akabebeshwa mikimbio 65, na ERA yake ni 2.76. Sisi kwenye Excel tunapata 2.77 kila tukirudia. Pili, mwaka huohuo aliongoza ligi kwa ERA, na bado ameandikiwa ushindi 8 na vipigo 16. Inawezekanaje? Tatu, mwanangu anataka kuandika kwamba Ryan ndiye mrushaji bora wa wakati wote. Nimwache aandike?

JIBU: Ndugu mzazi, Excel iko sawa na rekodi ziko sawa. Kilichowaponza ni ile nukta.

Kwenye besiboli, iningi moja huisha wapigaji watatu wanapotolewa, yaani auti tatu. Mrushaji akiondolewa uwanjani katikati ya iningi, zile auti alizokwisha kuzipata huandikwa baada ya nukta. Kwa hiyo 211.2 ni iningi 211 na auti mbili, au 211 na theluthi mbili. Excel haina habari na hilo. Inasoma sehemu mbili za kumi. Waliofuatilia kriketi ya Kenya enzi za Kombe la Dunia la 2003 hawatashangaa, maana ova 7.4 nazo ni ova saba na mipira minne.

ERA ni wastani wa mikimbio (pointi za wapinzani) anayobebeshwa mrushaji kwa kila iningi tisa, ambazo ndizo mechi kamili. Unazidisha mikimbio kwa tisa, unagawanya kwa iningi. 65 mara 9 ni 585. Mkigawanya kwa 211.2 mnapata 2.77, mkigawanya kwa 211 na theluthi mbili mnapata 2.76. Kwa msimu mmoja tofauti ni ndogo. Ila mtoto akianza kujumlisha iningi za misimu 27 kwa mtindo huo, makosa yatarundikana na jumla haitalingana na rekodi yoyote.

Mimi huwashauri wanafunzi waziache iningi kabisa na wahesabu auti. 211 mara 3, ongeza 2, unapata auti 635. Kisha mikimbio mara 27, maana iningi tisa ni auti 27, gawanya kwa auti: 1,755 kwa 635, jibu 2.76. Ryan alistaafu mwaka 1993 akiwa na iningi 5,386 kamili, yaani auti 16,158, na mikimbio 1,911 jinani mwake. Fanyeni hesabu, mtapata 3.19, na ndiyo ERA yake ya maisha.

Angalieni pia mikimbio mnayoingiza. Ryan akiwa uwanjani wapinzani walipata mikimbio 2,178, si 1,911. Ile 267 inayobaki ilitokana na makosa ya walinzi wenzake: mtu kaangusha mpira mwepesi, mwingine karusha pembeni. Mwandishi rasmi wa mechi huipanga upya iningi kana kwamba kosa halikutokea, na mikimbio ambayo isingepatikana anaifuta kwenye hesabu ya mrushaji. Safu zote mbili mtazikuta kwenye jedwali, zimepakana, na wengi huchukua isiyotakiwa.

Sasa hili la ushindi 8 na vipigo 16. Hapa ndipo takwimu za besiboli zinapowachanganya hata watu wazima. Chukulia golikipa anayeruhusu bao moja kila mechi wakati washambuliaji wake hawafungi kitu. Timu inapoteza 1-0 wiki baada ya wiki, na hakuna anayesema golikipa ndiye kapoteza. Besiboli inasema hivyohivyo hasa. Ushindi wa timu nzima huandikwa kwa jina la mrushaji mmoja, na kipigo vilevile.

Kanuni yenyewe iko hivi. Ushindi hupewa mrushaji aliyekuwa kazini timu yake ilipochukua uongozi ambao haikuupoteza tena, na aliyeanza mechi hapewi kama hakumaliza iningi tano. Kipigo huangukia yule aliyewajibika kwa mkimbio uliowapa wapinzani uongozi wa kudumu. Unaweza kuruhusu mkimbio mmoja tu na ukaandikiwa kipigo. Unaweza kuruhusu sita na ukaandikiwa ushindi, mradi wenzako wapate saba kwa wakati.

Mwaka 1987 Ryan alikuwa na miaka 40, yuko Houston Astros, timu iliyomaliza msimu na ushindi 76 na vipigo 86. Alianza mechi 34. Gawanyeni iningi zake kwa 34: ni sita na kidogo kwa kila mechi. Zilizobaki zilikuwa mikononi mwa warushaji wa akiba, na mikimbio ya kushinda ilikuwa mikononi mwa wapigaji. Yeye alitoa kwa straiki, yaani kwa mirusho mitatu iliyowashinda, wapigaji 270, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia mwaka ule katika National League, ligi ya Astros wakati huo. Lakini tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa msimu, ikaenda kwa Steve Bedrosian wa Philadelphia, mrushaji wa kufungia mechi. Ryan akashika nafasi ya tano. Hakuwahi kuipata tuzo hiyo maisha yake yote.

Wapiga kura wa tuzo hiyo siku hizo walikuwa wakitazama kwanza safu ya ushindi. Siyo tena. Félix Hernández aliipata mwaka 2010 akiwa na ushindi 13 na vipigo 12. Jacob deGrom akaipata mwaka 2018 kwa ushindi 10 na vipigo 9, ERA yake ikiwa 1.70. Kwa macho ya leo, msimu wa Ryan wa 1987 ungesomwa vingine kabisa.

Hata hivyo, swali lenu la tatu nisingelijibu kwa ndiyo. Ryan ana rekodi ambazo sioni wa kuzigusa: wapigaji 5,714 waliotolewa kwa straiki, akifuatiwa na Randy Johnson mwenye 4,875. Mechi saba bila mpinzani kupata hata pigo moja salama, yaani pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi, kituo cha kukimbilia. Aliyemfuata, Sandy Koufax, ana nne. Kwa kila iningi tisa aliruhusu mapigo salama 6.56, na hakuna mrushaji wa kazi ndefu aliyeshuka chini ya hapo. Mtoto akiandika kwamba Ryan ndiye mrushaji aliyekuwa mgumu kuliko wote kupigwa, hesabu itamuunga mkono.

Shida iko safu inayofuata, ile ya besi za bure. Mrushaji akikosa shabaha mara nne kwa mpigaji mmoja, mpigaji huyo anakwenda besi ya kwanza bila kutoa jasho. Ryan aliwapa wapigaji 2,795 zawadi hiyo. Wa pili, Steve Carlton, ana 1,833. Linganisheni mapengo: kwenye straiki Ryan kamzidi wa pili kwa 839, kwenye besi za bure kamzidi wa pili kwa 962. Yaani kwenye ubaya wake amewaacha watu mbali zaidi kuliko kwenye sifa yake, na jambo hili mashabiki wa Texas huwa hawalitaji. Mwaka 1974 pekee alitoa besi za bure 202.

Ndiyo maana kuna kipimo cha WHIP: jumlisha besi za bure na mapigo salama, gawanya kwa iningi. Kwa Ryan ni 2,795 na 3,923, kwa 5,386, jibu 1.25. Pedro Martínez, mrushaji mwingine mashuhuri, aliyerusha iningi 2,827 na theluthi moja, ana 1.05, na besi zake za bure ni 760 tu. Pedro alirusha enzi ambazo wapigaji walikuwa wakali mno, wakati Ryan alikaa miaka tisa Houston kwenye uwanja wa Astrodome, uliojulikana kwa kuwabana wapigaji. Kipimo kinachorekebisha ERA kwa uwanja na enzi, ambamo 100 ni mrushaji wa wastani, kinampa Ryan 112 na Pedro 154.

Kwa hiyo mwambie asifute jina la Ryan, abadilishe dai. Jedwali lake liwe na auti badala ya iningi, mikimbio anayobebeshwa mrushaji, straiki, mapigo salama na besi za bure. Safu za ushindi na vipigo aziweke mwishoni, na chini yake aandike mstari mmoja kuhusu 1987.