Treni haitamaliza malori Kigoma

Ndugu uliyeuliza kama mzigo wote ukihamia kwenye treni malori yataondoka mjini Kigoma: hayataondoka, yatabadilisha safari tu. Kutoka Dar hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwa umbali huo treni ndiyo yenyewe. Tangu reli ifike hapa mwaka 1914 inaishia ziwani, kwa hiyo mzigo wa Bujumbura, Burundi, au Kalemie, Kongo, unaweza kushuka behewani ukapanda meli bila kupita mjini.

Tatizo ni mzigo wa hapa hapa. Piga hesabu: mabehewa 20, kila moja tani 40, ni tani 800. Ukishusha kwa Fuso za tani 10, hizo ni safari 80 kwenda maduka ya Mwanga, Gungu na Ujiji, na madereva wote wanataka kupakia asubuhi moja. Hapo ndipo foleni inapozaliwa, si kwenye reli. Panga zamu za kupakia, malori mengine yapakie jioni, na madereva wasubiri kwenye yadi, si kando ya barabara. Wanaosema yadi iwe mbali kabisa na reli wakumbuke kwamba kila kushusha na kupakia tena kuna ujira wa makuli, na mfuko wa saruji ukipasuka haurudi.

Halafu mzigo wa kurudi, huu watu huusahau. Mawese na dagaa vipo. Behewa likirudi tupu, gharama yake ataibeba mwenye saruji.